Mguu Usiouma

Ndugu msikilizaji, juzi nilishuka Kahe, kule tambarare chini ya Moshi, kumjulia hali baba yangu mdogo. Ana kisukari mwaka wa kumi na mbili sasa. Nilimkuta anatoka shambani amevaa katambuga, kisigino kinavuja damu. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepenya tairi ukazama nyamani.

"Baba, huumwi?"

"Siumwi, mwanangu. Miiba siku hizi hainiwezi."

Alisema kwa kujisifu. Mimi nilishtuka.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu neva pamoja na vishipa vidogo vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu kuliko zote ni zile zifikazo vidoleni mwa miguu, basi huko ndiko madhara huanzia. Mmoja atasikia ganzi, mwingine nyayo zitamwaka moto usiku. Mwingine hasikii lolote, na huyu ndiye ninayemhofia zaidi, maana nani aende hospitali kwa mguu usiouma? Kidonda kinaoza kimyakimya mpaka mguu unakatwa.

Wala msidhani haya ni ya shamba tu. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dk. Zulfiqarali Abbas, waliandika katika jarida la kitabibu juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Panya, ndugu zangu, na mtu asihisi!

Neva iliyokwisha kufa ni shida kuirudisha. Zilizobaki hulindwa kwa kuishusha sukari: dawa bila kuruka siku, ugali na wali kwa kiasi, sigara kuacha kabisa. Kila jioni nyayo zikaguliwe, hata katikati ya vidole. Macho yakiwa hafifu, mjukuu yupo. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Kabla ya kuvaa kiatu, tia mkono ndani. Sugu zisikatwe kwa wembe. Na anayemeza metformin kwa miaka amuulize daktari habari ya vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi.

Baba mdogo tulimpeleka kliniki mjini Moshi. Mwiba ukatolewa, kidonda kikasafishwa. Kisha nesi akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa nyayo kwa ncha ya uzi mgumu wa nailoni, mahali hapa na pale. Alikwisha gusa mara tano mzee alipouliza:

"Nesi, bado hujaanza?"