Mshipa haujaziba, ila mafuta yake yanasemaje?

Mtu wa Kibaha au Kisarawe anaweza kwenda Dar, akapigwa CT scan ya mishipa ya moyo, akaambiwa haijaziba, na bado baadaye akapata shambulio la moyo. Inawezekanaje?

Mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wa mshipa yanaweza kupasuka kabla hayajabana njia ya damu, hasa ukuta ukiwa na uvimbe. Uvimbe huo ni mdogo mno, picha ya kawaida haiuonyeshi. Bahati nzuri, nje ya mshipa kuna mafuta mengine, na haya ni mbea kweli kweli: ukuta ukivimba unayatumia kemikali, seli zake zinapunguza kuhifadhi mafuta, maji yanaongezeka. Kwenye CT maji husoma 0, mafuta husoma kati ya -190 na -30. Kwa hiyo namba inapanda kuelekea sifuri.

Utafiti wa CRISP-CT (2018) uliona kwamba wagonjwa wenye -70.1 au zaidi walikuwa hatarini zaidi kufa kwa ugonjwa wa moyo. Ila hao walikuwa wagonjwa wa Erlangen na Cleveland, si wa Pwani. Mimi nisingeibeba namba hiyo kichwakichwa. Halafu, umeshapima presha? Hiyo haihitaji safari ya Dar.