Leseni ya Kaunti Hailindi Alama ya Biashara

Wauzaji wengi wa asali au unga wenye jina lao kwenye pakiti hudhani leseni ya kaunti na cheti cha jina la biashara vinatosha. Havitoshi. Mwingine akitangulia kulisajili jina hilo kama alama ya biashara, mwenyewe huenda akalazimika kulipigania.

Usajili hufanywa na KIPI, taasisi ya kitaifa iliyoko Nairobi. Kwanza, mwombaji huhakikisha hakuna alama inayofanana iliyosajiliwa. Kisha huwasilisha ombi akitaja bidhaa au huduma zake. Ombi likikubaliwa, hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Usajili hudumu miaka 10, na huweza kuhuishwa. Alama isiyotumika miaka 5 mfululizo inaweza kufutwa.