Nyoka ziwani na porini: usingoje sauti, tumia macho

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo familia nyingi hapa Nakivale zinalijua: nyoka. Tunaenda ziwani kuvua, akina mama wanatafuta kuni, vijana wanatega ndezi, na huko kote nyoka yupo.

Mtaani kwetu kijana mmoja alikanyaga kifutu jioni akitoka kuvua. Alivaa kandambili, hakuwa na tochi. Nyumbani tulimfunga mguu kwa kamba, tukamchanja, tukaweka jiwe jeusi. Usiku mzima ukapita hivyo. Asubuhi mguu ulikuwa umevimba mpaka pajani. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini vidole viwili vya mguu vilikatwa. Tulifanya kwa upendo, lakini tulikosea. Ndiyo maana tunaandika.

KIFUTU NI NYOKA GANI?

Wengine wanamwita moma. Ni mfupi na mnene, rangi yake kama majani makavu, na mgongoni ana alama kama herufi V. Mtu akija hakimbii. Analala kimya njiani akidhani hutamwona. Wakati mwingine anapuliza kwa nguvu, wakati mwingine hapana. Hata yule nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani, ambaye ndugu zetu waliohamia Arizona na Texas watamkuta huko, si kila mara anapiga njuga kabla ya kuuma.

UKITOKA NYUMBANI

- Vaa gambuti au viatu vilivyofunika mguu. Usiku shika tochi, hata njia iwe fupi.
- Tangulia na fimbo kwenye nyasi na matete.
- Ukuni ugeuze kwa fimbo kwanza, ndipo uushike. Mtumbwi uliofunikwa na nyavu zilizorundikwa ufukweni pia ni kivuli kizuri cha nyoka.
- Usiingize mkono kwenye shimo, hata kama una hakika ndezi ameingia humo.
- Ukimwona nyoka, rudi nyuma polepole. Watu wengi wanaumwa wakijaribu kumuua.

AKIUMA

Mtulize mgonjwa. Vua pete, bangili na shanga kabla ya uvimbe. Mguu au mkono usitikisike: ufunge kwenye kipande cha ubao kwa kitambaa, bila kukaza. Asitembee, mbebeni kwa machela au bodaboda, mtu mmoja akimshika nyuma. Akitapika au akisinzia, mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Kwa maumivu paracetamol inaruhusiwa. Aspirini na ibuprofen hapana, zinaongeza kutoka damu.

Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usimwage mafuta ya taa. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi hapo hapo, kisha nenda kliniki.

NA JIWE JEUSI?

Wazee wetu watauliza: mbona fulani aliwekewa jiwe akapona? Jibu ni hili. Nyoka wengi hawana sumu ya kuua, na hata wenye sumu wakati mwingine wanauma bila kuitoa. Mtu huyo angepona hata bila jiwe, lakini sifa inapewa jiwe. Kumbe sumu ikiwa imeingia, jiwe haliitoi. Linakula saa tu.

Dawa ya kuzuia sumu haipo kila kituo. Hiyo si sababu ya kubaki nyumbani, ni sababu ya kuwahi, ili mgonjwa apelekwe mbele mapema. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Sisi tusiyasahau.

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jamani, tushtuke kabla ya kuumwa. Leo jioni zungumzeni na watoto: nani ana tochi, nani ana namba ya bodaboda ya usiku?