Kirusi cha UKIMWI Hukomaa Nje ya Seli

Wengi wetu hudhani ya kuwa kirusi kikisha kutoka katika seli iliyokizaa, papo hapo ki tayari kwenda kudhuru seli nyingine. Kwa kirusi cha UKIMWI sivyo. Kinapoiacha seli bado ni kichanga, wala hakiwezi kuambukiza. Kuna kazi moja iliyobaki, na hapo ndipo wataalamu walipopata mahali pa kukishika.

Kirusi hiki ni kidogo mno: vikipangwa 10,000 katika mstari mmoja, urefu wake ni kama milimita moja tu. Hakina kiwanda chake. Kikiingia katika seli nyeupe ya damu, seli hiyo hulazimika kukitengenezea vipande vyake. Kipande kikuu ni protini iitwayo Gagi. Gagi nyingi, 2,000 hivi kwa kirusi kimoja, huenda mpaka upande wa ndani wa utando wa seli, zikajipanga ubavu kwa ubavu, kila moja ikielekea katikati kama spoku za baiskeli. Hakuna nyapara anayezipanga. Umbo lake lenyewe ndilo linalozifanya zishikane. Nazo huchukua nyuzi mbili za RNA, zenye maagizo yote ya urithi.

Basi utando hubenuka kwa nje mfano wa chipukizi. Lakini chipukizi hilo haliwezi kujikata shingoni. Kirusi hutumia protini za seli yenyewe, zile zinazoukata utando seli inapogawanyika kuwa mbili. Mgeni gani huyu! Huazima kisu cha mwenyeji, kisha huondoka amevaa nguo ya mwenyeji, maana vazi lake la nje ni kipande cha utando ule ule.

Humo ndani mmefungwa pia kimeng'enya kiitwacho protiezi, ambacho twaweza kukifananisha na mkasi. Mkasi huu una nusu mbili zilizo sawa, na nusu hizo zisipokutana haukati kitu. Wakati wa kutoka, au punde baadaye, hukata kila Gagi mahali maalum. Vipande vingine hubaki chini ya utando, vingine huifunika RNA, na vingine hujengeka upya kuwa ganda lenye umbo la pia. Sasa kirusi kimekomaa.

Dawa ya kwanza ya kuzuia mkasi huo, sakwinaviri, iliruhusiwa huko Marekani mwezi wa Desemba 1995. Dawa za jamii hii hukaa mdomoni mwa mkasi, usiweze kukata. Seli zilizokwisha ambukizwa huendelea kutoa virusi, lakini ni virusi butu, spoku zake zimesimama vile vile.

Hata hivyo dawa hiyo peke yake haitoshi. Kirusi hukosea mara nyingi katika kunakili RNA yake, na katika makosa hayo huweza kutokea mkasi wa umbo jingine, ambao dawa haiushiki sawasawa. Ndiyo sababu hutolewa pamoja na dawa nyingine, na mgonjwa huambiwa asiruke hata siku moja.