Saa Inayopima Mbio

Somo la leo ni juu ya saa ya mkononi ya namna ya pekee, iitwayo kronografu. Mwalimu wa darasa na aliandike neno hilo ubaoni: kro-no-gra-fu.

Kronografu ni saa yenye kazi mbili. Kwanza hutuonyesha wakati, kama saa nyingine. Pili hupima muda wa jambo, mathalani mbio za watoto uwanjani. Ukibonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu huanza kwenda. Ukikibonyeza tena, husimama. Ukibonyeza cha chini, hurudi kwenye sifuri.

Saa isiyotumia betri huendeshwa na kamani. Zamani kronografu zote zilikazwa kwa vidole. Mwaka 1969 ndipo zilipotokea zile za kujikaza zenyewe. Ndani yake mna kipande kizito cha chuma kinachozunguka kila mkono unapotikisika, nacho huikaza kamani. Basi ukiiweka saa hiyo sandukuni siku mbili tatu, husimama. Huo si ubovu.

Mwaka ule ilitokea mitambo mitatu. Mmoja ni El Primero, wa kampuni ya Zenith ya Uswisi. Mwingine ni Calibre 11, uliotengenezwa kwa shirika na Heuer, Breitling na wenzao. Wa tatu ni 6139, wa Seiko ya Japani. Je, inatofautianaje?

Tofauti ya kwanza ni mapigo. Weka saa sikioni, utasikia ti-ti-ti. Kila pigo husogeza mshale hatua moja. El Primero hupiga mara 36,000 kwa muda wa saa moja. Saa moja ina sekunde 3,600. Tukigawanya, twapata mapigo 10 kwa sekunde. Seiko hupiga mara 21,600, yaani 6 kwa sekunde. Calibre 11 hupiga 19,800, yaani 5 na nusu.

Tuchukue mfano wa ndugu yetu Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. John Walker, aliyemfuata, alitumia dakika 3 na sekunde 32.5. Waliachana kwa sehemu 3 katika 10 za sekunde moja. Kwa El Primero, hayo ni mapigo matatu kamili. Kwa Calibre 11, hayatimii hata mawili.

Tofauti ya pili ni jinsi mshale unavyoanza. Katika El Primero, gurudumu lenye meno husogezwa likaumane na jingine. Meno yasipokutana sawasawa, mshale huweza kuruka kidogo. Katika Seiko, sahani mbili ndogo hugandamana, na mshale huondoka taratibu. Calibre 11 ina jambo lake: sehemu ya kupimia imefungwa juu ya bamba lake peke yake, hata fundi huweza kuitenga na saa yenyewe.

Kwa hiyo hakuna mtambo ulioshinda kwa kila jambo. Tena, mapigo mengi hayakifanyi kidole kuwa chepesi. Akichelewa kubonyeza, mtu hupata jibu la uongo hata kwa saa ya thamani kubwa.

Kabla hujatoa fedha uliyoiweka kwa taabu, fanya mambo matatu. Bonyeza vitufe, kwani ziko saa ambazo vijiduara vyake ni picha tu. Tazama kama mshale unarudi kwenye sifuri barabara. Kisha muulize fundi gharama ya kuisafisha, maana kronografu ina vipande vingi kuliko saa ya kawaida. Na kama haja yako ni kupima mbio tu, simu ya mkononi yatosha.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini saa ya kujikaza husimama isipovaliwa?
2. Mtambo wa Valjoux 7750, uliotokea miaka ya 1970, hupiga mara 28,800 kwa saa moja. Ni mapigo mangapi kwa sekunde? Je, waweza kuigawa sekunde katika sehemu 10 zilizo sawa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.