Fundi ni Shemegi, Karatasi ya Nini?

Kuezua makuti na kupiga bati. Kuongeza chumba cha watoto. Kuhamishia choo ndani. Wanandoa vijana wengi ninaowajua Pemba wana moja ya ndoto hizi. Na fundi hatafutwi mbali: ni shemegi, mtoto wa ami, au jirani mnayesali naye msikiti mmoja. Mnakubaliana barazani, advansi inatoka, kazi inaanza. Mkataba? "Aa, sisi tunaaminiana bwana!"

Kwa maoni yangu, hapo ndipo udugu unapowekwa rehani. Kazi ikisimama, mwenye nyumba anasema kalipa yote, fundi anasema bado anadai. Huenda hakuna mwongo. Kila mmoja anakumbuka maneno kivyake. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, lakini utauthibitishaje?

Na anayeona kuandikiana ni kutoaminiana, aifungue Suratul Baqara, aya ya 282. Ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, na inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi.

Kwanza, nyumba ni ya nani?

Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, chini ya Rais. Ulichonacho wewe ni haki ya kuitumia, basi hakikisha karatasi zake zipo. Kama nyumba ni ya urithi na hamjagawana, chumba utakachoongeza kitakuwa ndani ya mali ya warithi wote. Pata ridhaa yao kwa maandishi. Halafu, kabla ya kubomoa au kuongeza ukuta, ulizia kibali cha ujenzi kwenye baraza lenu, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani.

Mkataba uwe na nini?

Ukurasa mmoja au miwili unatosha:

- Majina kamili, namba za vitambulisho na sahihi zenu.
- Kazi yenyewe kwa vipimo. "Kutengeneza paa" haitoshi. Andika bati ngapi na za geji gani.
- Nani ananunua vifaa. Mchanga huku hauchimbwi kiholela, unataka kibali. Andikeni nani atakishughulikia.
- Malipo kwa hatua: msingi, kuta, paa. Kila hatua ikaguliwe ndipo pesa itoke, na fundi atie sahihi kila anapopokea.
- Siku ya kumaliza, na nani atagharamia matengenezo paa likivuja masika ya kwanza.
- Mashahidi wawili. Kila upande ubaki na nakala yake.

Karatasi hii inamlinda fundi pia. Ukibadilisha mawazo katikati na kutaka dirisha kubwa zaidi, nyongeza iandikwe na bei yake, asije akafanya kazi ya bure.

Na nyinyi wawili je?

Hapa wengi huona haya. Bibi anatoa mshahara wake kununua saruji, nyumba iko kwenye kiwanja cha ukoo wa mume, na risiti zote zina jina la mume. Yakitokea ya kutokea, talaka au kifo, mchango wake ataonesha kwa nini? Shoga, risiti ya pesa yako iandikwe jina lako, uiweke vizuri. Na wewe kaka, usinune. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.