Spiriti ya Miwa na Radio ya Askari

Askari aliyewahi kufanya doria ya usiku ziwani, akitokea Masese karibu na Jinja, anaujua uzito wa betri, na anaujua pia ubaya wake: huzimika saa ile ile anapotaka kumwita mwenzake. Umeme si haba huko. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 hapo hapo Jinja. Lakini waya haufuati mashua.

Kwa hiyo leo tumependa kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za seli ya fueli itumiayo spiriti ndani ya alikali. Betri hutoa umeme uliowekwa akiba ndani yake. Seli hii huufanya umeme papo hapo, maadamu inalishwa. Upande mmoja hutiwa ethanoli iliyochanganywa na haidroksidi ya potasiamu, upande wa pili huingia hewa. Kichocheo, ambacho mara nyingi ni paladiamu, huivunja ethanoli bila moto, na elektroni hupita katika waya zikaendesha radio. Hakuna mngurumo wa injini, jambo ambalo mwenye lindo atalithamini bila kuelezwa.

Spiriti yenyewe haiko mbali. Kiwanda cha sukari cha Kakira, jirani ya Jinja, kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, siku hizi hutengeneza pia ethanoli kutokana na molasi. (Wenye kuwaza waragi na wajihadhari: ikishachanganywa na alikali, huunguza koo.)

Sasa tuitazame nguvu yake pasipo kupamba. Kilo moja ya ethanoli ina nishati ya saa za kilowati 8 hivi, hali kilo moja ya betri ya lithiamu haina hata nusu ya saa moja ya kilowati. Tofauti hiyo inashangaza, ila haifiki yote mkononi. Ethanoli ingeweza kutoa elektroni 12, lakini katika seli hizi kwa kawaida hutoa 4 tu, kisha ikakomea kuwa chumvi ya asidi ile ile iliyomo katika siki. Volti nazo, ambazo kwa hesabu zingekuwa 1.14, hushuka karibu nusu radio inapofanya kazi. Basi katika zile 8 tunabaki na 1.3 hivi.

Tena alikali huliwa. Kwa kila kilo ya ethanoli huisha kilo 1.2 za haidroksidi ya potasiamu, nayo yapasa kubebwa mgongoni pamoja na maji yake na chombo chenyewe. Hewa nayo huleta kaboni dioksidi, ambayo huigeuza alikali kuwa kaboneti na kuipunguzia seli nguvu. Kwa maoni yetu, atakayeleta kifaa hiki kambini aulizwe kwanza uzito wa mzigo wote kwa doria ya siku tatu, wala si uzito wa spiriti peke yake.